Huyu Hazuiliwi na Mtu Mmoja

Mwezi huu sijibu barua. Nataka nikusimulie jambo lililonikuta mimi mwenyewe, tena mbali na nyumbani, mbele ya televisheni, kwenye mchezo ambao hadi Januari 2025 nilikuwa sijui hata unaanzia wapi. Ukimaliza kusoma unaweza kunicheka. Ruksa.

Ila kabla hujanicheka, hebu jiulize: ndani ya nyumba yako, hakuna jambo ambalo mmoja wenu anahangaika kulizuia peke yake huku mwenzake hana habari?

Haya, tuanze.

Nilichukua likizo nikaenda Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kumtembelea kaka yangu. Kaka ana zaidi ya miaka kumi kule. Yeye anafanya kazi kwenye ghala, wifi yangu ni muuguzi, na wana watoto wawili ambao kwangu ni shangazi huku, shangazi kule. Nilibeba vitenge, majani ya chai na dagaa niliowafunga mara tatu wasije wakaniaibisha uwanja wa ndege.

Kwa nje ilikuwa safari ya kusalimia. Kwa ndani kulikuwa na lingine. Mwezi Novemba wifi alinipigia simu, kwetu Dar ikiwa usiku wa manane.

"Wifi, njoo umwone kaka yako. Kuna kitu."

"Kitu gani?"

Akanyamaza kidogo. "Anachukua hata zamu za usiku ambazo hakupangiwa. Simu anailaza kifudifudi. Hela haionekani. Wewe ni mwanamke mwenzangu, malizia mwenyewe."

Msomaji, unajua sote tunavyoimalizia sentensi ya namna hiyo. Na mimi nilimjibu nini? Nikamwambia awe na subira, kaka yangu namjua, si mtu wa mambo hayo. Jibu hilo lilikuwa na sababu yake. Nitakuja kuisema, usinikimbize.

Basi, Jumamosi ya tarehe 11 Januari nikakuta nyumba nzima imegeuka ya njano na nyeusi. Hizo ndizo rangi za Pittsburgh Steelers, timu yao ya futiboli ya Kimarekani. Steelers ni kama kusema Wafua Chuma, maana mji huo ulijengwa na viwanda vya chuma. Wana taulo za njano ambazo mashabiki huzizungusha hewani kama sisi tunavyopeperusha leso kwenye taarabu. Kaka alikuwa nayo shingoni tangu asubuhi.

Usiku ule walikuwa wanacheza na Baltimore Ravens, huko huko Baltimore, mechi ya mtoano. Ukifungwa, msimu umekwisha. Na hao wawili ni watani hasa, hesabu Simba na Yanga. Ravens ni aina ya kunguru. Jina lilitokana na shairi la Edgar Allan Poe, mwandishi aliyefia Baltimore mwaka 1849. Sisi wa Dar tunaowajua kunguru kwa wizi wa samaki, nilicheka sana niliposikia kuna watu wanalipa kiingilio kuwashangilia.

Wageni walianza kufika saa kumi jioni. Alikuja mzee mmoja Mkongo wa Bukavu, wote wanamwita Papa. Akaja jirani Mkenya aliyewahi kuishi Baltimore miaka mingi, naye ni Kunguru damu damu, amevaa zambarau bila aibu kwenye nyumba ya wenyewe. Wa mwisho ni mzee wa nyumba ya pili, Mmarekani, dereva mstaafu wa mabasi, ambaye amezaliwa pale pale Pittsburgh na Kiswahili chake ni "asante" na "sambusa". Huyo kaka ndiye alikuwa mkalimani wake.

Mjadala ulikuwa mmoja tu: tutamzuiaje Derrick Henry?

Kwa usiyejua, kama nilivyokuwa mimi, nikupe somo la dakika moja. Kila timu ina watu kumi na mmoja uwanjani. Mpira una umbo la papai changa. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne, hivyo hivyo mpaka mwisho wa uwanja. Mpira unaweza kurushwa kwa mkono, au anapewa mtu akimbie nao katikati ya msongamano. Huyo mkimbiaji wanamwita raningibeki. Wapo wadogo wenye chenga, na wapo wa nguvu, wale ambao hawakuzunguki. Wanakupitia.

Henry ni wa kundi la pili. Ana kama mita 1.9, na uzito wake unazidi kilo 110. Alizaliwa mwaka 1994 na kukulia Yulee, mji mdogo wa Florida, akilelewa na bibi yake. Akiwa sekondari tu alikimbia jumla ya yadi 12,124, akavunja rekodi ya taifa iliyodumu tangu mwaka 1953. Akiwa na Tennessee Titans, Desemba 2018 alipewa mpira mbele ya goli lake mwenyewe akakimbia yadi 99 hadi mwisho, huku akiwasukuma watu kwa kiganja njiani kama mtu anayefungua mapazia. Msimu wa 2020 alipata yadi 2,027, na wanaume waliofikisha elfu mbili kwa msimu mmoja hawakufika hata kumi. Baltimore wakamchukua Machi 2024, na msimu wake wa kwanza pale akapata yadi 1,921.

"Huyo si mtu, huyo ni lori," kaka akafungua kikao.

Papa akadakia kwa Kiswahili chao cha Bukavu. "Kamyo huwezi simamisha na mikono. Unaitoboa mupira!" Kamyo kwao ndiyo lori. Papa alitaka watu waache kumrukia Henry kifuani. Kifuani ndiko kwenye kile kiganja chake, na ukienda huko utaokotwa. Mwende miguuni, akasema, mtu asiye na miguu hata awe mkubwa namna gani anaanguka.

Mzee wa Kimarekani akatikisa kichwa. Kwake yeye dawa ni mpira wenyewe, sio mtu. Mmoja anamshika, wa pili anaupiga mpira ngumi utoke. Si mwezi Novemba ulimtoka pale pale Pittsburgh? Na Steelers wakashinda 18 kwa 16, wala hawakufika mstari wa goli hata mara moja. Pointi zote 18 zilitoka kwenye mguu wa mpigaji wao, Chris Boswell, mateke sita. Henry siku hiyo aliambulia yadi 65.

"Na Desemba je?" Mkenya akauliza kwa upole, upole ule wa kuudhi. Desemba, Baltimore walishinda 34 kwa 17 na Henry akapata yadi 162. Kimya kidogo kikapita.

Kaka akasema dawa ni kujaza watu mbele, wanane pale kwenye msongamano, apite wapi? Mkenya akacheka. "Sawa, jazeni. Na Lamar mtamwachia nani?" Lamar Jackson ndiye kwotabeki wa Baltimore, yule anayeanza na mpira mkononi. Mara mbili amechaguliwa mchezaji bora wa ligi, msimu wa 2019 na wa 2023. Ananyoosha mkono kama anampa Henry, ninyi wote mnamrukia Henry, kumbe danganya toto, mpira anao yeye na keshatokea upande wa pili. Au anautupa mbali kwa watu mliowaacha peke yao. Ukimkodolea macho mmoja, wa pili anakumaliza.

"Lakini kuna siku alizuiwa," Mkenya akaendelea, na hapo sauti yake ikabadilika. "Tena sisi wenyewe ndio tulimzuia."

Akatusimulia, na nakuomba uisikilize hadithi hii maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Januari 2020, Baltimore walikuwa na msimu wa kutisha, ushindi mara 14 na kufungwa mara mbili tu. Henry wakati huo bado wa Tennessee. Wiki moja kabla alikuwa amewatandika New England yadi 182. Beki mmoja mwenye jina wa Baltimore, Earl Thomas, akasema hadharani kwamba wale New England walionekana kama hawana hamu ya kumkaba. Siku ya mechi Henry akamwekea kiganja Thomas mwenyewe, akamgeuza, wakawa wanakimbia pamoja kama mtu na mlinzi wake. Yadi 195. Baltimore wakalala 28 kwa 12, nyumbani kwao. "Nililia kwa gari," Mkenya akasema. "Sidanganyi."

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2021, wakakutana tena kwenye mtoano. Safari hii hakuna aliyejigamba. Walikuwa na majitu ya katikati, akina Calais Campbell na Brandon Williams, ambao kazi yao haikuwa kumkamata Henry hata kidogo. Kazi yao ilikuwa kusimama, kuziba njia, wasisogezwe. Henry akikuta kumezibwa, anapunguza mwendo, na akipunguza mwendo wanakuja wengine watatu wanne. Mara 18 alipewa mpira, akapata yadi 40 tu. Baltimore wakashinda 20 kwa 13.

"Kwa sababu yule akishapata kasi hakuna dawa," kaka akaruka kwenye kochi, somo limemkolea. "Lazima umkute bado hajaanza! Na kila mtu ana mlango wake wa kulinda. Mlango wako ni huu, kaa hapo. Ukiona anaelekea kule usikimbilie kule ujifanye shujaa, maana mlango uliouacha ndio atakaopitia. Na ukizidiwa, piga kelele wenzako waje. Hakuna aibu! Huyu hazuiliwi na mtu mmoja."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sambusa. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani.

"Maneno mazuri hayo, Baba Watoto," akasema. "Kwa hiyo unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba mtu akizidiwa anaita wenzake. Mimi nilidhani hujui."

Akaweka sinia mezani taratibu, akarudi jikoni.

Jamani! Mkenya akaanza kusoma simu yake kana kwamba kuna mtihani kesho. Papa akaangalia dari. Mzee wa Kimarekani, ambaye hakuambulia neno, akamuuliza kaka kama mama mwenye nyumba naye ametoa mbinu yake. Kaka hakumtafsiria.

Mechi ikaanza saa mbili usiku. Sitakuchosha nayo. Yale yote yaliyokatazwa kwenye kochi letu yakatokea uwanjani. Watu wakamrukia Henry, Lamar akapita. Watu wakamrudia Lamar, Henry akapita. Katika robo ya pili kuna safari moja ndefu ambayo Baltimore walitembea karibu uwanja mzima kwa miguu, mpira unabebwa tu, na Henry akamalizia mwenyewe. Wafua Chuma walikuwa na wanaume wa maana, Cameron Heyward, T.J. Watt, hawa si watu wa mchezo. Lakini unawaona mikono iko kiunoni, vifua vinapanda na kushuka. Mapumziko, 21 kwa bila.

Lakini mimi sikuwa naangalia vizuri. Nilikuwa namwangalia kaka, ambaye taulo lilikuwa limeanguka chini na hakuliokota. Kwa sababu, msomaji, sasa ndio naisema ile sababu. Alichokuwa anakificha kaka, mimi nilikuwa nakijua. Na si kukijua tu. Mimi ndiye niliyemshauri akifiche.

Machi 2024 baba yetu alipata kiharusi. Hospitali, vipimo, dawa, mtu wa kumwangalia mchana na mtu wa usiku. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia kaka. Kila bili niliipiga picha nikamtumia. Hela zake zikaisha, akakopa, tena mkopo wenye riba ya kuumiza, na ili aulipe akawa anachukua zamu za usiku. Alipotaka kumweleza mkewe nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri: "Kaka, usimwambie wifi. Haya ni mambo ya ukoo, tutayamaliza wenyewe. Atatuona ombaomba." Wifi alijua baba anaumwa, ndiyo. Tulimwambia ni presha, imeshatulia.

Mimi huyu huyu ambaye kila mwezi nawaandikia ninyi kuhusu uwazi katika ndoa. Sasa unaweza kunicheka.

Wakati wa mapumziko nikaenda jikoni. Wifi alikuwa anaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Nikamweleza yote, nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Mkopo, riba, zamu, baba, na ile kauli yangu.

Nilitegemea atanifokea. Hakufoka. Akafunga bomba, akafuta mikono.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna, wifi."

"Miezi kumi nanusa mashati ya mume wangu," akasema. "Miezi kumi, wifi. Na wewe ulikuwa unanisikia kwenye simu unaniambia nisubiri."

Sikuwa na la kujibu. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo linanichoma. "Baba anafanyishwa mazoezi ya mkono?"

Nikamwambia tulipewa karatasi ya mazoezi siku ya kutoka hospitali, lakini baba alikuwa analia tukimgusa, tukamwonea huruma, tukaacha.

Hapo ndipo aliponikasirikia. "Mimi ni muuguzi," akasema. "Baba mkwe wangu amepata kiharusi, na katika ukoo mzima mimi ndiye nisiyeambiwa? Miezi ile ya mwanzo ndiyo mwili unarudi kwa haraka. Mngenipigia simu tu. Simu tu! Ningewaelekeza kila siku kupitia video. Mmemwachia mkono wake ukakauka kwa sababu mliogopa nitawaona ombaomba?"

Umeelewa, msomaji? Mimi nilidhani namkinga kaka na ugomvi wa fedha. Kumbe wifi alikuwa na mlango wake wa kulinda, na kwenye mlango ule hakuna mwingine katika familia yetu aliyeweza kusimama. Sisi tukaingia uwanjani kumi dhidi ya kumi na moja, tena yule tuliyemwacha nje ndiye tuliyemhitaji kuliko wote.

Akamwita kaka. Nikawapisha. Nilikuwa nimekaa na wageni sebuleni pale Henry alipochomoka katika robo ya tatu, yadi 44, moja kwa moja hadi golini, dakika chache tu baada ya Pittsburgh kupata pointi zao za kwanza na kuanza kujipa moyo. Mkenya alitaka kupiga kelele, akakumbuka jikoni kuna nini, akashangilia kwa kunong'ona. Mechi ikaisha 28 kwa 14. Henry peke yake yadi 186. Timu nzima ya Baltimore, yadi 299 za kukimbia.

Mzee wa Kimarekani akakunja taulo lake vizuri, kama mtu aliyezoea msiba. Akasema, na kaka hakuwepo kututafsiria kwa hiyo ilinibidi nielewe mwenyewe, kwamba watu hawafungwi na ile yadi 44. Wanafungwa na zile yadi nne nne za mwanzo walizoziona ni ndogo, hadi miguu ikaisha nguvu.

Sitakudanganya kwamba kaka na wifi walitoka jikoni wamekumbatiana. Walitoka kila mmoja macho mekundu, wakalala. Kesho yake baada ya kanisa wifi akaleta daftari la mtoto la hesabu, akatukalisha mezani wote watatu, akasema, "Haya, leteni takwimu." Kila deni likaandikwa. Gari la pili likauzwa. Zamu za usiku zikapunguzwa zikabaki mbili kwa wiki. Sisi tuliobaki Tanzania, mimi na wadogo zangu, tukapangiwa mchango wa kila mwezi ambao, kusema kweli, tungeweza kuutoa tangu mwanzo kama tusingemwona kaka wa Marekani ni benki. Na wifi akaanza kumpigia baba simu ya video kila asubuhi ya kule, jioni ya huku, dakika ishirini za mkono.

Deni lilikwisha Novemba 2025. Baba sasa anashika kikombe kwa mkono wa kulia, kwa kutetemeka, na kalamu bado. Wifi anasema angeanza mapema ingekuwa habari nyingine. Halisemi kwa kunisuta. Analisema kama muuguzi, na hivyo ndivyo linavyouma zaidi.

Sasa tuje kwako wewe na mwenzako. Kila nyumba ina Henry wake. Inaweza kuwa deni, ugonjwa, mama mkwe, pombe, kukosa mtoto, kazi iliyoota nyasi. Kochi la kaka yangu lilinifundisha mambo manne, nakupa bure.

Kwanza, mkute kabla hajapata kasi. Siku ile bili ya kwanza ilipoingia, mazungumzo yangekuwa ya dakika kumi na kununiana siku mbili. Tulipongoja miezi kumi ilibidi tuongee na ndoa ikiwa imeinama upande.

Pili, nenda miguuni. Papa alikuwa na haki. Tukigombana tunapenda kwenda kifuani: "wewe ndivyo ulivyo", "ukoo wenu ndio tabia yenu". Huko utaokotwa tu. Miguu ya tatizo ni yale mambo yanayohesabika. Ni shilingi ngapi? Tangu lini? Nani anadai? Wifi alianza na daftari, hakuanza na tabia ya mtu.

Tatu, linda mlango wako na mwachie mwenzako alinde wake. Usimwamulie kwamba hataweza. Huenda unachokiona wewe ni kumhurumia, kumbe umemnyang'anya nafasi yake.

Na nne, ambalo naona wengi tunalikosea: kuzuia maana yake si sifuri. Baltimore wa mwaka 2021 walimwachia Henry yadi 40. Pittsburgh wa Novemba 2024 walimwachia 65, tena alifunga, na bado walishinda. Tatizo litakusogeza tu, hilo kubali. Yadi tatu leo, yadi mbili kesho. Ndoa nzuri nazozijua mimi hazijawahi kumaliza shida zao zote. Wanaanguka nayo pamoja, wanaamka, wanapanga mstari upya.

Niliporudi Dar, jioni ya kwanza, nilimkalisha mume wangu nikamweleza mambo mawili ambayo nilikuwa nayazuia peke yangu. Moja alikuwa analijua siku nyingi. La pili bado tunalifanyia kazi, kwa hiyo niruhusu nisilitaje.

Wewe je, ni lipi ambalo mwenzako halijui? Usiniandikie mimi kwanza. Mwambie yeye, halafu ndio uniandikie.

Tukutane mwezi ujao.